Fundi wa mitandao aliyenirudishia intaneti Nyegezi baada ya ruta kurisetiwa, nampa nyota nne

Nina steshenari Nyegezi hapa Mwanza, sio mbali na stendi. Napiga kopi, naprinti, naskani, na kipindi cha maombi ya mkopo wa bodi wanafunzi wananijazia kibanda mpaka wengine wanasubiria nje. Sasa nimekaa siku mbili nzima bila intaneti, watu wanakuja na fomu zao wanarudi nazo, na kumbe laini ilikuwa nzima kabisa, shida yote ilikuwa humu ndani dukani. Ndo maana nimeona niandike kuhusu huyu fundi aliyenitengenezea, kwa sababu wawili kabla yake walishindwa, na pia kwa sababu nadhani kuna mtu sahivi amekaa mbele ya ruta, taa zinawaka zote, na hamna kinachofunguka.

Ilianza hivi. Nilienda mjini Makoroboi kuchukua rimu za karatasi nikamwacha mtoto wa dada yangu dukani, kamaliza fomu foo anasubiria chuo, ananisaidia vizuri tu. Neti ikawa nzito, mteja mmoja akamwambia bonyeza kile kitundu cha nyuma itakaa sawa. Akachukua pini akabonyeza akashikilia mpaka taa zote zikazima kwa mpigo zikaanza kuwaka upya. Nilivyorudi ananiambia mama mdogo, waifai imepotea. Sikumgombeza, angejuaje, hata mimi nilikuwa sijui kwamba kuzima na kuwasha ni kitu kimoja na kuriseti ni kitu kingine kabisa. Ukizima ukawasha ruta inakumbuka kila kitu. Ukishikilia kile kitundu kama sekunde kumi hivi inasahau jina la waifai, paswedi, inasahau hata namna ya kujitambulisha kwa kampuni inayokuletea intaneti, inarudi kama ilivyotoka kwenye boksi.

Ilikuwa Ijumaa. Nikapiga simu kwa hiyo kampuni (jina siliweki), nikasikiliza muziki weee mpaka nikachoka, mwisho nikaambiwa fundi wao atakuja ndani ya siku mbili za kazi, yaani Jumanne. Na wanafunzi wana deadilaini. Jirani akaniletea fundi wa kwanza, huyo akaishika ruta akaigeuzageuza akasema hii imekufa mama, nunua mpya, anayo moja elfu themanini na tano. Wa pili ni kijana anayetengeneza kompyuta, huyo angalau alifika mpaka kwenye ukurasa wa setingi, ila akaishia pale panapoandika hakuna intaneti, akachomoachomoa waya akaondoka, akaahidi kurudi. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ile themanini na tano.

Huyu ninayemwandikia nilielekezwa na mwanafunzi mmoja wa pale chuo cha SAUT, kasema kuna jamaa yuko pande za Buzuruga alimtengenezea hostelini kwao. Tukaongea kwenye simu Jumamosi, akasema atafika saa nne. Alifika saa saba na nusu. Hapo ndo nyota yake moja imeenda, naisema mapema ili tuimalize, saa tatu na nusu ni nyingi kwa mtu ambaye duka limesimama na hakupiga simu hata mara moja kusema anachelewa.

Ila alivyoingia akasalimia vizuri kwa Kisukuma, akaniita mayu, yaani mama, akaomba kiti, alafu HAKUSHIKA KITU. Hiki ndo kilichonivutia. Wale wawili walianza na ruta, huyu akaenda kusimama mbele ya kile kiboksi cheupe cha ukutani ambapo faiba, ule waya unaoleta intaneti kwa mwanga, inaingilia, akakiangalia kama dakika nzima. Akaniita. Mayu njoo uone, hii taa iliyoandikwa PON ni ya kijani na imetulia, haipepesi, na hii ya LOS imezima. Maana yake mwanga kutoka kwao unafika hapa ukutani, faiba yako haijakatika. Akasema ile LOS ikiwaka nyekundu hapo hata ufanye nini kwenye ruta unapoteza muda, ni waya umekatika au umekunjwa mahali, unapiga simu kwa kampuni unakaa kusubiri. Ikiwa imezima, tatizo mara nyingi ni la kwako na unaweza kulitengeneza leoleo. Mimi pale nilishaambiwa na watu wawili wa mtaani kwamba kuna mahali wamechimba barabara wamekata faiba! Siku mbili naamini hivyo.

Baada ya hapo waya. Nyuma ya ruta yangu kuna tundu moja la bluu na manne ya njano, yote yanafanana na waya unaingia kote bila shida. Ule waya unaotoka kiboksi cheupe ulikuwa kwenye njano. Sijui ni dogo wakati anahangaika au ni yule fundi wa pili. Ya bluu ndo WAN, yaani mlango wa intaneti kuingia, za njano ni za kutoka kwenda kwenye kompyuta zako. Rangi zinatofautiana kutokana na kampuni, kwa hiyo angalia maandishi, limeandikwa WAN au kuna kialama cha dunia. Akachomoa akahamisha, taa ambayo ilikuwa imezima siku mbili ikawaka, ikawa ya machungwa. Akasema hiyo rangi inamaanisha waya umekaa sawa ila bado hatujaingia.

Tukaja kwenye waifai yenyewe. Tulikuwa tunatafuta jina letu la zamani kwenye simu hatulioni tukasema imepotea, wakati ipo, imerudi na jina la kiwandani. Akaigeuza ruta chini kuna stika, kuna jina na namba za paswedi. Tukaunganisha. Hapa ndipo nilipokuwa nimekwama mimi mwenyewe usiku wa Ijumaa, kwa sababu nilifika mpaka hapo, nikaandika zile namba za kufungulia ukurasa wa setingi za ruta, 192.168.0.1, na simu ikawa inazungushaaa alafu inasema ukurasa haupatikani. Fundi akaniuliza data ya simu ilikuwa imewashwa? Ilikuwa imewashwa. Kumbe simu za siku hizi zikiona waifai haina intaneti zinakimbilia kwenye bando kimyakimya, kwa hiyo ile anwani inatafutwa huko nje wakati ipo humu ndani ya chumba, mita mbili kutoka nilipokaa. Zima data, na simu ikikuuliza waifai hii haina intaneti uendelee nayo? mwambie ndio. Nikazima, ukurasa ukafunguka palepale. Nilisikia vibaya kwa kweli, usiku mzima ule.

Kingine wengi wanaandika zile namba kwenye sehemu ya kusachi wanaletewa matokeo ya gugo. Andika juu kabisa kwenye anwani, na ikigoma weka http:// mbele. Na sio kila ruta ni namba hizohizo. TP-Link nyingi ni 192.168.0.1 au unaandika tplinkwifi.net, MikroTik zinakuja na 192.168.88.1, viboksi vingi vya faiba vya Huawei ni 192.168.100.1. Ukikosa, ingia kwenye simu kwenye maelezo ya hiyo waifai uliyounganisha, kuna sehemu inaonyesha geitiwei, hiyo ndo anwani ya ruta yako, haidanganyi.

Sasa hapa ndo penyewe, na ndipo yule fundi wa pili alipokwama. Ruta inakuuliza intaneti yako ni ya aina gani. Kuna dainamiki, hiyo unachagua tu inaingia yenyewe. Kuna statiki, unapewa namba za kujaza. Na kuna PPPoE, hiyo inataka yuzaneimu na paswedi ya kampuni, na hii sio paswedi ya waifai na wala sio paswedi ya kufungulia ruta, ni ya tatu tofauti. Fundi aliyekufungia siku ya kwanza aliijaza akaondoka, wewe hukuiona, na haiko kwenye stika. Ukiriseti inafutika na ruta haina namna yoyote ya kuikumbuka. Yule kijana wa pili alichagua dainamiki kwa sababu kwao ndo inavyofanya kazi, akasubiri, haikuja.

Nikamuuliza, sasa kama ningenunua ile mpya ya elfu themanini na tano? Akasema mayu, ingefika hapahapa. Ruta mpya na ruta iliyorisetiwa ni kitu kimoja, zote hazijui chochote. Ungelipa alafu ungekaa unaiangalia inawaka taa ya machungwa vilevile. Tena kampuni nyingine wanaifunga laini kwa MAC ya ruta ya zamani, ile namba ya utambulisho wa kifaa, kwa hiyo mpya inakataliwa kabisa mpaka uwapigie waibadilishe, au uingie kwenye setingi uipe ruta mpya namba ya ile ya zamani. Nilikaa kimya. Hiyo ni hela ya rimu ngapi.

Akapiga yeye simu kwa kampuni akiwa ameniwekea spika. Jumamosi! Mimi nilikuwa nawaambia intaneti haifanyi kazi nitumieni mtu, yeye akasema naomba yuzaneimu na paswedi ya PPPoE ya akaunti namba fulani, ruta imerisetiwa. Wakauliza jina la mwenye akaunti na namba ya simu iliyosajiliwa, nikajibu, dakika sita meseji ikaingia. Hakuna aliyehitaji kuja Jumanne. Kwa hiyo ukipiga kwenu usiseme neti imekata, waambie moja kwa moja unachotaka.

Tukajaza, ikakataa. Paswedi sio sahihi. Akaangalia kidogo akacheka, simu yangu ilikuwa imeweka herufi ya kwanza kubwa yenyewe, si unajua kibodi za simu. Tukarekebisha, na akanionyesha ukikopi kutoka kwenye meseji uangalie usije ukakopi na nafasi tupu ya mwisho, haionekani kwa macho ila ruta inaihesabu. Ikakataa tena! Hapo nilianza kukata tamaa. Yeye wala, akazima ruta na kile kiboksi akasema tusubiri dakika tano, huko kwao inawezekana bado wanaona umeshaingia kwa jina hilo na hawaruhusu wawili, itajiachia. Tukanywa soda. Tukawasha. Ile taa ya machungwa ikakaa, ikakaa, ikawa ya kijani. Dogo alipiga kelele mpaka wateja wa saluni ya pembeni wakachungulia.

(Wenye ruta za kuweka laini ya simu kwenu ni tofauti kidogo, hamna PPPoE, mara nyingi kinachopotea ni APN, yaani jina la kuingilia intaneti ya mtandao wako wa simu, na zenyewe huwa zinaisoma kwenye laini, ikigoma unaijaza kama mtandao wako unavyoelekeza, na kama laini ina pini inaweza ikawa inakusubiri uiweke.)

Nilidhani kazi imeisha nikashika pochi, akasema bado. Akaniuliza waifai yako ilikuwa inaitwaje na paswedi ilikuwa nini, herufi kwa herufi. Akaweka vilevile ilivyokuwa, kubwa kubwa ndogo ndogo. Ndani ya dakika mbili kompyuta zote tatu, kamera ya mlangoni, simu zetu, vyote vikajiunganisha vyenyewe bila kugusa kimoja. Hili lilinishangaza kwa urahisi wake, yaani ningebuni jina jipya ningezunguka na kila kifaa nikiandika paswedi, na ile kamera nilishasahau hata inaungwaje.

Ila printa ikagoma. Kwenye kompyuta inaonekana haipo hewani wakati iko kwenye waifai na taa yake ni ya bluu. Mtu mwingine angesema printa ndo mbovu. Akaprinti ile karatasi ya taarifa za mtandao kutoka kwenye vitufe vya printa yenyewe, tukaona anwani yake ni 192.168.0.103, wakati kompyuta bado zinaitafuta kwenye 192.168.0.50 ambako ilikuwa zamani. Kumbe zamani ilikuwa imetengewa namba yake kwenye ruta ili isibadilikebadilike, na riseti ikafuta hiyo nafasi, ikapewa namba yoyote iliyokuwa wazi. Akaingia kwenye setingi akaitengea tena .50 kwa kutumia MAC yake, tukaizima tukaiwasha, ikatema kurasa zote za foleni ya tangu Ijumaa, kama arobaini hivi, fomu za watu walioshaenda kuprinti kwingine. Mwenye duka la kuprinti yeyote anisikie hapa, ruta ikirudi na printa ikawa imekufa ghafla, angalia anwani kabla hujaita fundi wa printa.

Na lile la mwanzo, neti kuwa nzito mpaka dogo akabonyeza? Nilimuuliza maana kama tungeliacha lingerudi. Ruta ilikuwa chini nyuma ya shelfu la chuma lenye rimu. Karatasi zimepangana, chuma mbele, waifai itapita wapi. Akaitundika juu ukutani. Alafu akafungua programu kwenye simu yake inayoonyesha waifai za majirani, tulikuwa tumejazana wengi kwenye chaneli ya 6, yaani njia moja ya hewani, akanihamishia 1. Akasema kwenye waifai ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, chagua yenye watu wachache. Tofauti nimeiona siku ileile.

Chumba changu cha nyuma lakini akaniambia ukweli. Ni kama nyumba nyingi za huku kwetu Mwanza, kimejengwa kukumbatia jiwe, ukuta mmoja ni jiwe lenyewe. Nilitaka kununua kile kifaa cha kuongeza waifai. Akasema ukikiweka upande ule wa jiwe nacho kitapokea kidogo kitatoa kidogo, heri uvute waya wa mtandao kuzunguka nje, mita kumi na tano tu, na huo waya unaenda mpaka mita mia bila shida. Angeweza kuniuzia, anavyo kwenye begi nimeviona.

Mwisho akabadilisha paswedi ya kuingilia ruta, akazima ile ya kuunga kwa kubonyeza kitufe, akanitengenezea waifai ya wageni ya wanafunzi tofauti na ya duka ili wasione kompyuta zangu. Akaseti saa ya Afrika Mashariki maana nayo ilikuwa imerudi mwanzo. Alafu akahifadhi setingi zote kwenye faili moja, akaliweka kwenye fleshi na kunitumia kwenye imeili, kwamba siku nyingine ikirisetiwa naingia, napandisha faili, inajiwasha upya imerudi kama ilivyokuwa. Na karatasi. Kaandika kwa mkono wake aina ya laini, yuzaneimu na paswedi ya PPPoE, anwani ya ruta, anwani ya printa, nambari ya akaunti. Akasema usiibandike ukutani mayu, weka kwenye droo ya hela. Iko humo.

Kwa yote hayo kanichaji elfu ishirini na tano. Kakaa karibu masaa mawili na nusu na kila anachofanya anamwita dogo aje aone, mengine kamfanyisha yeye kwa mikono yake. Mwishoni akaomba elfu tatu ya nauli ambayo hatukuongea kwenye simu, nilimpa bila kinyongo ila angesema mapema. Risiti hana, ukitaka risiti kwa ajili ya hesabu za ofisi ujue hilo.

Jumapili iliyofuata umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, ruta ikawaka, taa ya intaneti ikabaki machungwa. Mimi nilikuwa kanisani. Dogo hakugusa kitundu. Aliangalia LOS akaona imezima, akazima vyote viwili akasubiri dakika tano akawasha, na nilivyorudi alikuwa anaprinti.

Fundi anapatikana Buzuruga, namba yake sitaiweka hapa ila aliye Nyegezi, Malimbe au Mkolani aje dukani nitampa. Mpigie asubuhi, mkubaliane na nauli kabisa, na mwambie saa unayomtaka kweli.